Mwanamke Aliyekataa Kutoa Wino

Hapa Gisenyi, mtu anayetaka kukuharibia jina hakuiti mwizi. Mwizi anaweza kurudisha alichochukua akasamehewa. Anakuita mleta mgawanyiko. Neno hilo katika nchi yetu lina makaburi ndani yake, na kila mtu wa umri wangu analisikia mpaka kwenye mifupa. Mwaka jana alirushiwa wifi yangu, Verediane Mukandayisenga, dada wa marehemu mume wangu Siméon. Na kwa kuwa bado nasikia habari zake zikisimuliwa kombo sokoni na hata kwenye ua wa kanisa, nimeona niziandike mimi niliyekuwepo.

Baba mkwe wangu, mzee Bizumuremyi, hakuacha mali nyingi. Aliacha jina. Mtu wa ukoo wake akisema atakuja, watu huweka kiti. Siméon alilitunza jina hilo maisha yake yote, na tangu alipofariki nimelitunza mimi. Sikuwa tayari kuona likikokotwa barabarani kwa sababu ya kisanduku cha wino.

Verediane alizaliwa Masisi, upande wa Kongo, baba yake alikokuwa akichunga ng'ombe wa watu, akarudi Rwanda akiwa mama mzima. Habari za ndoa yake si za hapa. Alianza kwa kubeba kabichi kichwani kuvuka mpaka kwenda Goma, na mpaka leo hutembea shingo imenyooka hata akiwa hana mzigo. Hauzi karoti za shehena yoyote kabla hajang'ata moja. Wateja wa Goma wanamjua kwa hilo. "Yule mama wa meno," wanasema.

Mimi nilisomea Bukoba, wazazi wangu walikokuwa wakimbizi, nikaja kufundisha historia hapa mjini, kwa hiyo Kiswahili changu si cha sokoni. Chake, kama cha wenzake wa sokoni, ni cha Masisi na Goma. Nitakiacha kilivyo, maana kukinyoosha ni kumvalisha mtu nguo ya mwingine.

Yeye na wanawake wenzake wana ushirika wa kuuza mboga ng'ambo ya mpaka. Wana banda lao Mbugangari, karibu na barrière ndogo, yaani kizuizi cha mpaka, ambako viazi kutoka Bugeshi huchambuliwa na karoti huoshwa kabla ya kuvuka. Waanzilishi wa ushirika huo walikuwa wamekwisha kuonja uongozi wa mtu mmoja katika ushirika mwingine uliokufa, wakaweka utaratibu ambao sijauona kwingine. Muhuri, ambao wao huuita kashe, hukaa nyumbani kwa mwenyekiti. Kisanduku cha wino hukaa nyumbani kwa mkuu wa kamati ya ukaguzi. Karatasi isiyo na muhuri si ya ushirika, na muhuri usio na wino ni kipande cha mpira tu. Kwa miaka mingi desturi hiyo ilikuwa ya heshima: mwenyekiti anapiga hodi, anakaribishwa chai, wino unatolewa. Hakuna aliyewahi kunyimwa.

Mkuu wa kamati ya ukaguzi ni Verediane. Mwenyekiti ni Vénuste Rutagengwa, aliyekuwa karani wa ghala kabla ya kuchaguliwa. Lazima nimtendee haki: si mwizi wala si mjinga. Alikuja kwenye mkutano wa wanachama na mpango. Mfanyabiashara mmoja alitaka kiwanja cha banda, na badala yake angewapa ghala kubwa Rubona, kando ya bandari ya ziwa. Kutoka hapo mboga zingepanda mashua kwenda Karongi na Rusizi, bila kuomba ruhusa ya mpaka wowote.

"Siku mupaka itafungwa mutakula nini?" aliwauliza. "Ziwa haina barrière!"

Makofi yakapigwa. Sisi watu wa huku tunapenda kukubaliana. Baada ya tuliyoyaona, kukubaliana kumekuwa dawa yetu, na mara nyingine tunaimeza kabla ya kuuliza ni ya ugonjwa gani. Verediane peke yake alikaa mikono mapajani.

"Mama Vere, mikono inauma?" Vénuste akamtania. Watu wakacheka.

"Mikono iko muzuri, Prezida. Kichwa ndiyo inauma. Hawa wamama wenye kunyonyesha, wenye wanaacha watoto hapa karibu na barrière, watafika Rubona na nini?"

"Taksi iko."

"Taksi tutalipa na nini? Na majani ya karoti?"

Walicheka tena, mara hii wakimcheka Vénuste, naye hakufurahi. Siku chache baadaye alikwenda na karatasi ya makubaliano na muhuri wake nyumbani kwa Verediane. Alipewa chai. Wino hakupewa. Kamati ya ukaguzi, yeye na wenzake wawili, ilikuwa imekaa na kuamua kiwanja kisitolewe mpaka wamama wa watoto wadogo wapatiwe jibu.

"Haraka haraka haina baraka, Prezida," Verediane alimwambia.

"Usinisomee methali, Mama Vere. Karoti haingoje baraka. Inaoza."

Hapo ndipo ushirika ulipokwama. Na ulikwama kweli kweli, sitapamba. Vénuste naye, kwa hasira, aliacha kumpelekea Verediane hata mambo madogo. Paa la banda lililokuwa likivuja likaendelea kuvuja. Ombi la bomba la pili la maji likalala. Wanawake walikuja asubuhi, wakafanya kazi zao, wakaondoka bila kusalimiana vizuri. Mmoja alimwambia Vénuste mbele ya watu, "We Prezida, wino si iko kwa papeterie? Nunua yako!"

Vénuste alitikisa kichwa. "Nikinunua wino, nitakuwa nimenunua na mwisho yangu." Kwa jibu hilo nilimheshimu.

Karibu na banda hilo, Rayhana, mwanachama mwenzao, ana meza yake. Ni Mwislamu, nusu ya ndugu zake wako Goma, na redio yake hainyamazi. Siku moja nilipita kununua vitunguu, redio ikawa inaeleza habari za nchi moja kubwa ya mbali, ambako bunge lilikuwa la chama kimoja na rais wa chama kingine, hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, mpaka ofisi za serikali zikafungwa.

"Unasikia?" Rayhana alimwambia Verediane, aliyekuwa akichambua viazi. "Hata wakubwa wamekwama. Na ile inchi iko na pesa yote!"

"Imekwama, haijaanguka," Verediane akajibu bila kuinua macho. "Gari yenye kukwama kwa matope, dereva anashuka anaangalia barabara. Yenye haikwame ndiyo inaingia kwa bonde."

"Na watu wenye kuwa ndani ya gari? Wanalala kwa matope?"

 Verediane alikitupa kiazi kibovu, akachukua kingine.  Mimi nimewafundisha watoto wa watu juu ya serikali zilizokwenda mbio kwa kauli moja mpaka zikaangamiza watu, na serikali zilizobishana mpaka watu wakafa njaa wakisubiri.

Neno lenyewe lilianza kusikika baada ya hapo. Kwanza alisema mtu mmoja, kisha wengi: Verediane analeta mgawanyiko. Mwanangu Ganza alinipigia kutoka Kigali, limemfikia hata huko. "Mama, mwambie shangazi atoe huo wino. Watu wanataja jina la babu." Nikavaa, nikaenda.

Nilimkuta uani anaosha mabeseni. Nilimwambia wazi kwamba mkutano mkuu umeitishwa, kwamba kuna hoja ya kumwondoa na kuweka muhuri na wino pamoja kwa mwenyekiti, na kwamba ukoo wa Bizumuremyi haujawahi kufukuzwa popote.

Alikausha mikono, akaketi. "Mama Ganza, we ulisoma. Niambie. Mi nilitenga mutu na mwenzake? Nilisema huyu ni wa huku, ule ni wa kule?"

"Hapana, wifi."

"Donc? Nilisema 'ngoja' tu. Kama 'ngoja' ni mugawanyiko, basi kila mama mwenye kuambia mutoto angoje uji ipoe ni adui ya inchi."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Watakuondoa."

"Waniondoe. Lakini waniondoe kwa kuinua mikono, si kwa makofi. Mikono inahesabika. Makofi hakuna mutu anajua ni ya nani."

Niliondoka na hasira. Njiani, hata hivyo, nilijikuta nikiligeuza lile jambo kichwani. Kugawa watu ni jambo moja, na kugawa madaraka ni jambo jingine. Tumelipata la kwanza kwa uchungu kiasi kwamba tunaliogopa hata la pili, kama mtu aliyeungua na moto anavyokataa hata taa.

Kisha mpaka ukapunguza saa zake. Kwa majuma kadhaa wanawake walisimama kwenye foleni na mizigo, wengine wakarudi nayo nyumbani. Rayhana alikuwa amejaza meza yake karoti za Bugeshi kwa ajili ya mteja wa Goma. Zilioza. Alikuja bandani na beseni, akalimwaga lote miguuni pa Verediane, mbele ya kila mtu. Harufu yake ilifika mpaka barabarani.

"Ng'ata!" Rayhana akasema. "Si we ndiye mama wa meno? Ng'ata hizi! Tungekuwa na ghala ya Rubona, sasa zingekuwa Karongi."

 Nilikuwa mlangoni, na nilitamani kumshika wifi yangu mkono nimtoe pale. Yeye aliinama. Aliokota karoti zile moja moja, zile zilizolainika na kutoa maji, akazirudisha kwenye beseni mpaka sakafu ikawa safi.

"Pole, Rayhana," alisema. "Hii ni yangu. Sitakudanganya."

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu amevaa kitenge cha kanisani. "Twende Rubona. Nataka kuona kitu yenye ninakatalia."

Nilishangaa. "Kwani hujaiona?"

"Sijaiona. Na Vénuste hajawahi kusimama kwa foleni ya barrière na mutoto mugongoni. Tunabishana kama vipofu wawili juu ya rangi ya shati."

Tulipanda basi dogo. Bandarini wavuvi walikuwa wakianika isambaza, dagaa wa ziwa, na ghala lilikuwa nyuma kidogo, milango wazi. Ndani tulimkuta Vénuste. Nadhani alikuwa na mazoea ya kwenda pale peke yake kuangalia ndoto yake. Aliruka alipotuona, kama mtu aliyekamatwa.

 Verediane alizunguka lile ghala. Aligusa ukuta kuona kama umekauka. Alisimama mlangoni akatazama mashua zikipakia. Alimwuliza kibarua mmoja mboga hukaa muda gani majini mpaka Karongi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi.

"Ni muzuri," alisema.

Vénuste alifungua mikono. "Miezi yote hii hukusema!"

"Miezi yote hii hukunileta."

Wakatazamana, halafu Vénuste akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, naye Verediane akacheka. Waliketi juu ya magunia matupu. Nilisikia mambo ambayo yangeweza kusemwa tangu mwanzo, lakini nina hakika yasingesemwa kama mmoja wao angekuwa na uwezo wa kuendelea bila mwingine. Ghala ni kubwa mno kwa ushirika wao. Je, wakichukua nusu? Mfanyabiashara anataka kiwanja kwa ajili ya maduka. Je, wakimpa upande wa mbele tu, unaotazama barabara, na banda likabaki nyuma kwa wamama wa watoto na wazee?

"Atakataa," Vénuste alisema.

"Muulize. Akikataa, tutakuwa tumekwama watatu. Si vibaya, tutapata mutu ya kutuchekesha."

Siku iliyofuata Vénuste alikuja bandani alfajiri, akabeba beseni la viazi begani, kwa kuwa kichwani halikumkaa, akasimama kwenye foleni ya mpaka na wamama. Walimtania njia nzima. "Prezida, shingo yako ni ya ofisi!" Alirudi jasho likimtoka, na kuanzia siku hiyo hakusema tena "taksi iko." Mfanyabiashara naye alikubali, baada ya kununa kidogo. Upande wa mbele ndio aliokuwa akiutaka zaidi.

Lakini hoja ya kumwondoa Verediane ilikuwa imeshatolewa, na hasira za watu hazizimwi kama taa. Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Nilikaa benchi la wageni, mgongo wima, nimevaa mushanana, vazi la heshima nililovaa kumzika Siméon. Nilitaka waone kwamba ukoo umekuja.

Makamu mwenyekiti, Cyuzuzo, mama mwenye sauti kubwa, alisimama kwanza. "Sisi hatuna ubaya na Mama Vere. Lakini tumekwama musimu muzima. Paa inavuja! Tuweke kashe na wino kwa mukono moja, tusikwame tena."

Makofi yakaanza. Yalianza nyuma, yakaja mbele kama mvua juu ya bati.  Verediane akasimama.

"Naomba mikono," alisema. Hawakusikia. Akarudia, "Naomba mikono! Mwenye anataka nitoke, ainue, nimuone. Sitamuchukia. Nitamuona tu."

Makofi yakapungua, yakakoma. Ni jambo zito, mtu kuombwa aoneshe mkono wake. Watu walitazamana. Ndipo Rayhana akasimama, na mimi nikafumba macho, maana karoti zake nilizinusa mwenyewe.

"Mi niko na hasira na huyu mama," Rayhana alisema. "Karoti yangu ilioza juu yake. Sijamaliza hasira, msifikiri. Lakini nauliza: tukitoa wino kwake, tukapa Prezida yote mbili, mwaka kesho nani atamwambia Prezida 'ngoja'? Mi? Mi sina wino. Atanipita kama upepo. Huyu Mama Vere alichelewesha, bon, lakini Rubona tumepata na banda tumebaki nayo. Bila yeye tungekuwa na moja. Bila Prezida tungekuwa na moja. Wagombane! Lakini wagombane mbele yetu, na kazi ndogo zisilale. Paa ni paa, haina ugomvi."

Mtu mmoja akasema, "Kweli."

Vénuste aliinuka taratibu. Angeweza kunyamaza, na nakiri nilitarajia anyamaze. "Kashe peke yake ni nzito," alisema. "Sitaki kuongezewa wino."

Mikono ikainuliwa. Waliotaka Verediane aondoke hawakuwa wachache. Niliwaona, naye aliwaona, akawatazama mmoja mmoja kwa utulivu. Waliotaka abaki walikuwa wengi zaidi. Cyuzuzo alihesabu mwenyewe, kwa sauti, akatangaza matokeo yaliyomshinda bila kukunja uso. Waliongeza kanuni moja: paa, maji na mambo ya namna hiyo hayatasubiri ugomvi wa wakubwa. Kisha mpango wa nusu ghala ukapigiwa kura, na baadhi ya watu waliupinga. Hakuna aliyewaita jina lolote.

Nje ya ukumbi watu walinisalimu. Mzee mmoja wa parokia, aliyekuwa ameacha kuniamkia tangu ugomvi uanze, alinishika mkono kwa mikono miwili. "Dada yake Siméon," alisema, "ana shingo ya baba yake." Nilimshukuru kwa ufupi, inavyofaa.

Sasa karoti za ushirika zinakwenda Karongi kwa mashua, na zile za Goma bado zinaoshwa Mbugangari, chini ya paa jipya. Siwezi kuapa kwamba kukwama huleta mema kila mahali. Inategemea waliokwama wanashuka kuangalia barabara au wanakaa ndani wakitukanana, na inategemea kama abiria wana haki ya kusema. Ninachojua ni kwamba wale wanawake, ambao zamani walipiga makofi kwa kila kitu, sasa wanauliza. Wanauliza mpaka wanachosha.

Juma lililopita Verediane aliingia kwangu bila hodi, amekunja uso. Alikuwa amependekeza wanaovuka mapema waoshe karoti kwanza, na wenye watoto wakapinga, wakadai wao ndio watangulie. Wakabishana mpaka mvua ikaanza na kuisha. Wakapiga kura. Akashindwa.

"Wamenikatalia, Mama Ganza! Mi! Mwenye niliwapigania!"

"Na wino?"

"Nimetoa. Nitafanya nini? Walikuwa wengi." Alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka wangu, akakaa akifikiri. "Lakini ile saa yao ya kuosha haitaenda. Watagombana kwa bomba."

"Basi subiri wagombane."

"Sitasubiri. Kesho nitaenda kuwauliza tena," alisema, na tayari alikuwa akitafuta maneno ya kuwaambia.